Odi za Soka Hutoka Wapi na Kwa Nini Hubadilika: Mwongozo Kamili kwa Anayebeti Nairobi

Alhamisi jioni Arsenal wako nyumbani kwa odi ya 1.90, yaani ukiweka shilingi 100 na wakashinda unalipwa 190. Jumamosi mchana ni 1.75. Hakuna aliyeumia, hakuna kocha aliyefutwa, na kwenye stendi ya boda tayari kuna anayeapa kwamba kampuni "zimeshajua matokeo". Hazijui. Kama zingejua, zisingehitaji kuajiri watu wa hesabu na kulipia takwimu za ligi zaidi ya kumi kila wiki. Kinachobadilika pale kwenye simu yako ni bei, na bei hupanda na kushuka kwa sababu zinazoeleweka.

Mwongozo huu unafuata safari ya bei hiyo tangu inapokokotolewa hadi mpira unapoanza. Hautakupa mikeka (tiketi za kubeti) ya ushindi. Anayeuza "mechi za kupangwa" kwa shilingi 500 kule Telegram hana hiyo pia, ila yeye hakwambii.

Kwanza, geuza odi kuwa asilimia

Chukua 100, gawa kwa odi. Odi ya 2.00 ni asilimia 50. Odi ya 4.00 ni asilimia 25. Odi ya 1.25 ni asilimia 80. Zoea hesabu hii hadi uifanye kichwani ukiwa kwenye matatu, maana kila kitu kinachofuata kinaitegemea. Wengi huona 1.25 wakasema "hiyo ni ya uhakika", halafu wanaweka mechi tano za aina hiyo kwenye mkeka mmoja. Zidisha 0.80 mara tano: inabaki kama asilimia 33. Mechi tano za "uhakika", na mkeka unachanika mara mbili katika kila mara tatu.

Bei ya kwanza inapikwa vipi

Hapa ndipo penye utamu, kwa hiyo tusiharakishe.

Mpanga odi haanzi kwa kuuliza nani atashinda. Anauliza: kila timu itarajiwe kufunga mabao mangapi? Anaangalia mabao waliyofunga na kufungwa, ubora wa nafasi walizotengeneza (takwimu inayoitwa xG), nguvu ya wapinzani waliokutana nao, nani yuko nyumbani, nani alicheza Ulaya Jumatano usiku, nani ana kadi. Ligi Kuu ya Uingereza kwa miaka ya karibuni huzaa wastani wa karibu mabao 3 kwa mechi, kwa hiyo ana mahali pa kuanzia.

Faida ya nyumbani nayo ina hesabu yake, na haikai palepale. Msimu wa 2020/21, viwanja vikiwa vitupu kwa sababu ya korona, wageni walishinda mechi nyingi kuliko wenyeji katika Ligi Kuu ya Uingereza, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. Waliokuwa wakipanga odi kwa mazoea ya zamani walilazimika kuzirekebisha.

Tuseme basi mpanga odi wetu amefikia hapa: wenyeji wanatarajiwa mabao 1.6, wageni 1.1. Si kwamba kuna timu itakayofunga bao moja na sehemu sita. Huo ni wastani, kama mechi ileile ingechezwa mara elfu moja.

Kutoka kwenye wastani hadi kwenye asilimia, chombo kinachotumika ni kanuni ya Poisson, iliyopewa jina la Mfaransa Siméon Denis Poisson wa karne ya 19. Inakuambia timu yenye wastani fulani ina uwezekano gani wa kufunga sifuri, moja, mbili na kuendelea. Kwa wenyeji wetu wa 1.6: sifuri ni asilimia 20, bao moja 32, mawili 26, matatu 14, na yanayobaki yanagawana kilichosalia. Kwa wageni wa 1.1: sifuri asilimia 33, moja 37, mawili 20, matatu 7.

Sasa zidisha. Uwezekano wa 1-1 ni 0.32 mara 0.37, karibu asilimia 12. Uwezekano wa 0-0 ni 0.20 mara 0.33, karibu asilimia 7. Fanya hivyo kwa kila matokeo, kisha jumlisha yanayofanana. Ukitumia jedwali la kompyuta (hata lile la bure kwenye simu lina kanuni ya POISSON ndani yake) utapata:

Wenyeji kushinda: asilimia 49.
Sare: asilimia 25.
Wageni kushinda: asilimia 26.

Kutoka kwenye hesabu hiyohiyo unapata ova 2.5 (mabao matatu au zaidi) ikiwa karibu asilimia 51, na GG (timu zote mbili kufunga) ikiwa karibu 53. Ndiyo maana kampuni inaweza kukuwekea masoko (aina za kubeti) mia na zaidi kwa mechi moja bila kuwa na watu mia wanaofikiri. Masoko hayo karibu yote yanazaliwa na namba mbili tu, 1.6 na 1.1. Zikikosewa hizo, yote yanapotoka pamoja.

Poisson peke yake ina kasoro. Mwaka 1997, Mark Dixon na Stuart Coles, watafiti wa takwimu Uingereza, walionyesha kwamba sare za mabao machache kama 0-0 na 1-1 hutokea zaidi ya kanuni hiyo inavyosema, wakapendekeza marekebisho. Mifumo ya leo imeenda mbali zaidi, lakini mifupa ni ileile. Na baada ya kompyuta kutoa jibu, bado kuna binadamu anayekaa na kujiuliza kama kipa namba mbili anaweza kweli kuziba pengo. Ligi kubwa zina watu wa kufuatilia hayo. Ligi ndogo zina kompyuta na maombi.

Kisha kampuni inakata chake

Odi za haki kwa mechi yetu zingekuwa 2.04, 4.00 na 3.85. Ukijumlisha asilimia zake unapata 100 kamili. Hakuna kampuni itakayokuuzia hivyo. Utakachoona kwenye simu ni kitu kama hiki: 1.90, 3.75, 3.60.

Geuza: 52.6 + 26.7 + 27.8. Jumla ni 107.1. Hizo 7.1 za ziada ndizo makato ya kampuni. Hazikuandikwa popote, na huwezi kuzikwepa kwa kuchagua upande. Kwa kila shilingi 100 inayopita kwenye odi hizi, kwa wastani inarudi kama 93.40.

Fanya hesabu hii kwa mechi yoyote usiku wa leo. Linganisha kampuni tatu. Utakuta mechi ya Ligi ya Mabingwa ina makato madogo, na mechi ya ligi ya vijana wa nchi usiyoweza kuionyesha kwenye ramani ina makato makubwa zaidi. Soko la mshindi wa mechi huwa nafuu, wakati matokeo kamili na mfungaji wa kwanza ni ghali. Tena makato hayagawanywi sawa kati ya pande: timu dhaifu yenye odi kubwa mara nyingi hubebeshwa zaidi. Kampuni inaogopa odi kubwa, na ina haki ya kuogopa. Kabla ya msimu wa 2015/16 baadhi ya kampuni za Uingereza ziliwapa Leicester City 5000 kwa 1 kutwaa ubingwa, na Leicester wakautwaa.

Mkeka mrefu ndio unaoilisha kampuni. Makato hayajumlishwi, yanazidishana. Mechi kumi, kila moja ikirudisha shilingi 93.40 kwa 100, zikiunganishwa zinarudisha kama shilingi 50 kwa wastani. Nusu ya pesa yako imekwenda kabla mwamuzi hajapuliza filimbi. Hiyo "bonasi ya malti" (ya mkeka wa mechi nyingi) ya asilimia kadhaa wanayokutangazia huwa inarudisha sehemu tu ya kilichokwisha chukuliwa.

Serikali nayo haiko mbali. Tangu Julai 2025, ushuru wa asilimia 5 unatozwa kwenye pesa unazoweka kwenye akaunti ya kubeti, na kodi nyingine ya asilimia 5 kwenye unazotoa. Weka shilingi 100 kutoka M-Pesa, beti mara moja kwa odi zetu za juu, toa chochote kilichopatikana: kwa wastani utarudi na kama 84.

Nani hasa anayepanga odi unayoiona Nairobi?

Mara nyingi si mtu wa Nairobi. Kampuni nyingi za hapa hununua odi kutoka kwa wauzaji wakubwa wa data, kama Sportradar ya Uswisi, na kuzipokea moja kwa moja kwenye mfumo wao. Ni kama nyanya za Marikiti: bei ya msingi imeshaamuliwa zilikotoka, na mama wa kibanda anaongeza chake kulingana na mtaa.

Kinachoamuliwa hapa ni makato yawe makubwa kiasi gani, dau la juu liwe shilingi ngapi, malipo ya juu yaishie wapi, na mechi ipi ipewe odi iliyonenepeshwa kwa ajili ya tangazo. Ndiyo maana ukifungua programu nne utakuta odi zinazofanana kama ndugu, zikitofautiana kwa nukta chache.

Wauzaji hao nao wana wanakoangalia. Pinnacle, iliyoanza mwaka 1998, inajulikana kwa makato madogo na kwa kuwakubali wabetiji wakali wanaofukuzwa kwingine. Betfair ya Uingereza, iliyoanza mwaka 2000, ni soko ambapo watu hubetiana wenyewe kwa wenyewe. Yapo pia masoko ya Asia yanayoshika madau makubwa. Bei ikitikisika huko, baada ya dakika chache inatikisika Kayole.

Kwa nini inasogea

Sababu ya kwanza ni habari. Mshambuliaji ameumia mazoezini, namba 1.6 yetu inakuwa 1.4, na masoko yote yanakokotolewa upya. Habari kubwa kuliko zote ni orodha ya kikosi, inayotoka saa moja hivi kabla ya mechi. Kaa na simu muda huo siku moja, uangalie. Odi hufungwa kidogo, zinarudi zikiwa zimebadilika, na huna muda wa kuwahi.

Sababu ya pili ni pesa, na hapa ndipo watu huchanganya mambo. Inasemwa sana kwamba kampuni husogeza odi ili pesa zilingane kila upande. Wakati mwingine ndivyo. Tazama daftari la mechi yetu siku ya Ijumaa:

Wenyeji kwa 1.90: madau ya shilingi 2,000,000. Wakishinda, kampuni inalipa 3,800,000.
Sare kwa 3.75: madau 300,000. Malipo 1,125,000.
Wageni kwa 3.60: madau 200,000. Malipo 720,000.

Kampuni imekusanya 2,500,000. Wenyeji wakishinda inapoteza 1,300,000. Ikitoka sare inabaki na 1,375,000, na wageni wakishinda inabaki na 1,780,000. Nairobi hali hii ni ya kawaida, kwa sababu mji mzima unashabikia timu zilezile nne au tano za Uingereza, na hakuna anayeamka asubuhi kuibetia Bournemouth kwa mapenzi.

Je, isogeze? Ikiwa inaamini asilimia zake za 49, 25 na 26, faida inayotarajiwa bado ni kama shilingi 170,000. Kampuni yenye mtaji mnene inaweza kuacha bei ilivyo, ikijua kwamba Jumamosi ina mechi nyingine mia na hasara moja itafunikwa. Kampuni ndogo haina ubavu huo. Itashusha wenyeji hadi 1.80 na kupandisha sare 3.90 na wageni 3.85. Jumla ya asilimia bado ni 107, makato hayajaguswa, ila sasa mbetiji anayesitasita anasukumwa kwenda upande wa pili.

Halafu kuna pesa ya nani. Shilingi 50 za watu elfu arobaini zilizowekwa kwa mapenzi hazimwambii mpanga odi chochote kipya kuhusu mechi. Dau moja kubwa la mtu ambaye kumbukumbu zake zinaonyesha kwamba hupata bei nzuri mara kwa mara, hilo linamwambia. Mtu wa aina hiyo akiweka pesa kwa wageni Jumatatu, bei inasogea hata kama daftari limejaa upande wa wenyeji. Ndiyo maana bei za mwanzo wa wiki huja na dau la juu dogo: kampuni inanunua maoni ya wajuzi kwa bei nafuu. Kadiri mechi inavyokaribia, bei inakuwa imeshapigwa na kunyooshwa, na dau la juu linapanuliwa.

Kwa hiyo ukiona odi imeshuka, jiulize mambo matatu kwa mpangilio huu. Kuna habari? Imeshuka kila mahali au kwenye kampuni yako tu? Imeshuka mapema wiki au saa chache kabla? Ikishuka kila mahali bila habari, kuna uwezekano mkubwa wajuzi wameingia. Ikishuka kwako tu, kampuni yako inalinda daftari lake, na pengine jirani yake anauza bora. Kukimbilia odi iliyokwisha shuka, kwa kuwa "imeshuka, basi kuna kitu", ni kununua baada ya wengine kufaidi.

Mpira ukianza

Odi za laivu hazina mtu anayebofya kila moja. Kuna mtumaji data uwanjani au mbele ya matangazo ya haraka, na kuna hesabu inayopunguza mabao yanayotarajiwa kadiri dakika zinavyoyoyoma. Mechi yetu ikifika dakika ya 70 bila bao, yaliyobaki kutarajiwa ni kama 0.6 kwa timu zote mbili, na sare inaruka kutoka asilimia 25 hadi karibu 60. Odi yake, makato yakiwemo, inatoka 3.75 hadi 1.56 hivi, na hakuna kilichotokea uwanjani zaidi ya saa kusonga.

Usijaribu kushindana kwa kasi. Picha unayoitazama kwa bando imechelewa sekunde kadhaa, wakati mwingine nyingi zaidi. Umewahi kusikia jirani wa ghorofa ya chini akipiga kelele za bao wakati kwako mpira bado uko katikati ya uwanja? Kampuni imeshapata taarifa hiyo. Juu ya hapo, dau lako la laivu husubirishwa kidogo kabla ya kukubaliwa, na shambulizi la hatari likianza, soko linafungwa.

Kitufe cha kutoa pesa mapema hutumia hesabu ileile, makato yakikatwa mara ya pili. Umeweka 100 kwa 1.90, timu yako inaongoza na uwezekano wa kushinda sasa ni asilimia 85. Thamani halisi ya tiketi yako ni 190 mara 0.85, yaani 161.50. Ukiahidiwa 150, umeshajua umeuziwa nini.

Ligi ya hapa, na jakpoti

Gor Mahia dhidi ya AFC Leopards inaujaza uwanja kwa nyimbo, lakini kwa mpanga odi ni mechi ngumu. Takwimu za kina ni chache, habari za kikosi hutoka kwa minong'ono, na shabiki anayehudhuria mazoezi anaweza kujua zaidi ya kompyuta ya Ulaya. Kampuni hujikinga kwa makato makubwa na dau la juu dogo. Ni mahali pachache ambapo mtu wa Nairobi anaweza kujua kitu ambacho bei haijakijua, na pia ni mahali ambapo hataruhusiwa kuweka pesa nyingi.

Jakpoti ya mechi 17 haipangwi kwa odi kabisa. Mechi huchaguliwa zile zinazokaribiana nguvu. Kuna njia 129,140,163 za kujaza tiketi hiyo. Hata ungekuwa mtaalamu wa kupatia kila mechi kwa asilimia 45, nafasi yako ni kama 1 kati ya 786,000.

Jipime

Tafuta daftari la shilingi 30, uchore safu nne: mechi, odi uliyochukua, odi ya mwisho kabla ya mpira kuanza, matokeo. Safu ya tatu ndiyo wengi hawaiandiki. Ulichukua 1.90 na ikafunga 1.75? Ulinunua vizuri, hata kama mkeka ulichanika. Ulichukua 1.90 na ikafunga 2.10? Ulilipa ghali, hata kama ulishinda.

Fanya hivyo kwa mechi hamsini kabla ya kujihukumu, maana ushindi wa mikeka michache unaweza kuletwa na bahati tupu. Unaweza hata kufanya bila kuweka senti: andika tu upande ambao ungechagua. Na odi ya mwisho ichukue kila mara kwenye kampuni ileile uliyochukulia ya kwanza, la sivyo utakuwa unapima tofauti ya makato kati ya kampuni mbili badala ya mwendo wa bei.